Kishimo kilichogeuka njano bila ini: kisa cha kingamwili zilizotengenezwa kuchunguza kinga ya nyoka

Sahani ya vishimo 96 ilitoka kusomwa ikiwa njano karibu yote. Katika kipimo cha ELISA rangi hiyo ndiyo jibu: palipo na protini unayoitafuta kingamwili hunata, kimeng'enya kilichofungwa kwenye kingamwili hufanya kazi yake, na kishimo hubadilika rangi. Kadiri njano inavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Mwanafunzi aliyepanga jaribio alifurahi. Vishimo vyake vilikuwa na kiowevu kilicholowekwa vipande vya ini la nyoka, na alikuwa akitafuta ushahidi kwamba ini, likionjeshwa sumu kidogo, huongeza kumwaga ile protini inayomkinga nyoka na sumu yake mwenyewe.

Fundi wa maabara hakufurahi. Alikuwa ameongeza kishimo kimoja ambacho hakuna aliyemwomba: kiowevu kilekile, ila hakijawahi kukutana na ini. Nacho kilikuwa njano kama wenzake.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Maabara na watu wake nimewatunga. Protini, mbinu na mitego ni ya kweli. Nimekichagua kwa sababu majaribio ya kuhakiki ambayo kila kitabu kinayaagiza yalifanywa yote, yakapita yote, na bado kingamwili ilikuwa inadanganya.

Kinga ambayo si kingamwili

Tuanze na mkanganyiko wa maneno, maana hapa ndipo wengi hupotea. Nyoka mwenye sumu hafi kwa sumu yake ikimwingia damuni, na mtu husema upesi kwamba ana kingamwili. Hapana. Kingamwili hutengenezwa baada ya mwili kukutana na kitu kigeni. Protini tunazozizungumzia ziko kwenye jeni za nyoka, ini lake huzitengeneza, na huzunguka damuni kama zinavyozunguka albumini na nyinginezo. Kwamba nyoka hadhuriki kwa sumu ya aina yake ni jambo la kale. Felice Fontana, mtaalamu wa Italia, aliliandika katika karne ya 18. Kilichochukua muda mrefu ni kuzitoa protini zenyewe damuni na kuzijua kwa majina.

Zimegawanyika kufuatana na silaha inayozuiwa. Kuna zinazozuia fosfolipezi A2, kimeng'enya kinachobomoa utando wa seli na misuli, nazo zimepangwa katika makundi matatu, alfa, beta na gama, ambayo hayafanani hata kidogo kwa umbo. Mojawapo ya kundi la gama hupatikana kwenye damu ya Crotalus durissus terrificus wa Amerika Kusini. Sumu kuu ya nyoka huyo, krotoksini, ina vipande viwili. Protini hiyo hukichukua kipande chenye makali na kukaa mahali pa mwenzake, na kinachobaki ni mfungamano usiodhuru. Naitaja kwa kupita tu, kwa sababu kisa chetu kinahusu silaha nyingine.

Silaha hiyo ni metaloproteinezi, vimeng'enya vinavyotumia zinki kukata kuta za mishipa midogo ya damu hadi damu ivuje. Ukoo wa kifutu umejaliwa navyo sana. Kizuizi chake kilichochunguzwa mapema ni kile cha habu, nyoka wa visiwa vya Ryukyu huko Japani, na mfuatano wa asidi amino zake ulichapishwa mwaka 1992. Mwaka 2001 kikafuata BJ46a, kutoka damu ya Bothrops jararaca wa Brazili. Mwaka 2022 ikaelezwa FETUA-3 ya Crotalus atrox, nyoka wa Amerika Kaskazini mwenye njuga mkiani, ambayo huzuia aina nyingi za metaloproteinezi zilizomo katika sumu yake. Zote hizi ni za ukoo mmoja wa protini, ukoo wa fetuini.

Shikilia neno hilo, fetuini. Ndilo litakaloiangusha maabara.

Walivyoruka majivu

Maabara ilitaka kingamwili dhidi ya FETUA-3 kwa kazi tatu: kupima kiasi chake kwenye damu, kuiona ndani ya seli za ini, na kuivua kwenye plazima pamoja na sumu iliyoshikamana nayo. Kazi tatu, kingamwili moja. Mimi hapo ningesimamisha mkutano. Protini iliyo kwenye kipande cha ini kilichohifadhiwa kwa formalini, protini iliyochemshwa na kunyooshwa kwenye jeli (bamba laini linalopanga protini kwa uzito), na protini inayoogelea damuni ikiwa imekumbatia sumu hazina uso mmoja. Sungura hatoi kingamwili dhidi ya jina la protini. Anatoa dhidi ya umbo aliloonyeshwa.

Lakini waliendelea, na swali la kwanza lilikuwa wamdunge sungura kitu gani.

Njia ya asili ilikuwa kuifua FETUA-3, yaani kuitenga na kuisafisha, kutoka damu ya nyoka mwenyewe. Mbinu yake inapendeza: unafunga sumu kwenye chembechembe zilizojazwa ndani ya mrija uitwao kolamu, unapitisha seramu ya nyoka juu yake, na vizuizi hunasa vyenyewe huku vingine vyote vikipita. Walikaa na wazo hilo siku kadhaa kisha wakalikataa, na sababu yao ilikuwa nzuri. Kolamu huvuja. Punje ya sumu ikitoka pamoja na kizuizi, sungura atatengeneza kingamwili dhidi ya vyote viwili. Siku ya kwenda kuvua mfungamano wa kizuizi na sumu, kingamwili dhidi ya sumu itaishika sumu iliyo peke yake, nawe utasherehekea mfungamano ambao haukuwapo.

Njia ya pili ilikuwa bakteria. Ni rahisi na hutoa protini nyingi, lakini fetuini ina sisteini nyingi zinazofungana jozi kwa jozi, tena huvaa minyororo ya sukari. Bakteria wa kawaida hawaivishi sukari hizo, na mara nyingi hukosea jozi. Ungepata protini ambayo nyoka mwenyewe asingeitambua.

Wakachagua seli za mamalia zinazokuzwa chupani. Zinakunja protini vizuri, zinaivisha sukari, na hazina sumu ya nyoka popote. FETUA-3 ilitengenezwa ikiwa na mkia wa histidini kwa ajili ya kunaswa kwenye kolamu ya nikeli. Kwenye jeli ikaonekana bendi moja, nene, mahali palipotarajiwa. Sungura wawili walitolewa damu ya kulinganishia kabla ya chanjo, kisha wakadungwa na kurudiwa kila baada ya wiki chache.

Waliruka majivu, wakakanyaga moto. Seli zile zilikuzwa kwenye kiowevu chenye seramu ya ndama aliye tumboni, kama inavyofanyika katika maabara nyingi. Sasa jiulize fetuini imepata wapi jina lake. Ilielezwa mwaka 1944, na jina likatokana na kijusi, kwa sababu ni miongoni mwa protini zilizo nyingi zaidi katika seramu ya ndama ambaye hajazaliwa. Ina uzito wa kilodaltoni 48 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kizuizi cha habu nacho ni kilodaltoni 48 hivi.

Uchafu uliobaki kwenye antijeni, yaani protini aliyodungwa sungura, ulikuwa wa ukoo uleule wa protini, na uzito uleule. Ulijificha chini ya bendi ileile. Ungekuwa albumini ungeonekana kwenye jeli, ungetajwa, ungeondolewa. Huu ulikuwa umevaa nguo za mwenyeji.

Kwa nini majaribio ya kuhakiki hayakuona kitu

Hapa ndipo kiini cha kisa, na ndipo nitakapokaa.

Jaribio la kwanza la kuhakiki lilikuwa damu ya sungura kabla ya chanjo. Haikushika kitu. Safi kabisa, na ndivyo ilivyopaswa kuwa: sungura huyo alikuwa hajadungwa chochote, si protini ya nyoka wala ya ng'ombe. Damu ya kabla ya chanjo inakuambia kwamba kingamwili imetokana na sindano. Haikuambii ni kitu gani ndani ya sindano.

La pili lilikuwa kuizima kingamwili kwa antijeni yake. Unachanganya kingamwili na antijeni nyingi kwanza, halafu unapima. Ishara ikitoweka, husemwa kwamba kingamwili ni mahususi. Ilitoweka. Lakini antijeni waliyotumia kuzimia ilitoka chupa ileile waliyomdungia sungura. Mle ndani FETUA-3 ilizima kingamwili za FETUA-3, na fetuini ya ng'ombe ikazima zile za fetuini ya ng'ombe. Shahidi na mshtakiwa walitoka nyumba moja.

La tatu lilikuwa seramu ya nyoka kwenye bloti, yaani protini zilizopangwa kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye karatasi, kisha zikaguswa kwa kingamwili. Bendi moja ilionekana, mahali pake. Hili halikuwa la uongo, kwa kuwa kingamwili kweli zilikuwamo za FETUA-3, na seramu ya nyoka haina fetuini ya ng'ombe ya kuchokoza nyingine. Kwa hiyo matokeo sahihi yaliwapa watu imani katika kitu kibovu.

Dalili zilikuwapo, ila zilisomwa vibaya. Vishimo tupu vya ELISA vilikuwa na rangi hafifu tangu siku ya kwanza, na fundi alipobadilisha kizibio, yaani protini inayofunika sehemu tupu za kishimo ili kingamwili isinate ovyo, kutoka seramu ya ndama kwenda jelatini ya samaki, rangi ikapungua sana. Kila mtu alishukuru kwamba tatizo limeisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini kingamwili dhidi ya protini ya nyoka ipende kizibio cha ng'ombe kuliko cha samaki. Ukweli ni kwamba katika shughuli za kila siku za maabara rangi isiyotakiwa huchukuliwa kama vumbi: inafutwa, haihojiwi.

Halafu vipande vya ini vikawekwa kwenye kiowevu chenye asilimia 10 ya seramu ya ndama ili viendelee kuishi. Mengine umeshayaona: sahani ya njano, na kishimo cha fundi.

Kuna madhara mengine ambayo hayakuonekana kwa rangi, nayo kwangu ndiyo mabaya zaidi. Ili kugeuza rangi kuwa kiasi, walitumia FETUA-3 yao ya chupani kama kipimo cha kulinganishia. Kipimo hicho kilikuwa na fetuini ya ng'ombe, na kingamwili iliipenda. Kila nanogramu ya kipimo ikatoa rangi nyingi kuliko inavyostahili. Matokeo yake, damu ya nyoka ilionekana ina kizuizi kidogo kuliko ilichonacho. Namba zilikuwa na desimali mbili na mstari ulionyooka vizuri. Hakuna ambaye angezitilia shaka kwa kuzitazama.

Jaribio ambalo lingeukamata uchafu huu mapema ni la bei ndogo na linachosha, ndiyo maana hurukwa. Chukua seli zilezile, kiowevu kilekile, kolamu ileile, lakini zipe jeni ya protini isiyohusiana kabisa, au usizipe jeni yoyote. Fua kana kwamba unafua FETUA-3. Kinachotoka ndicho uchafu wako, na kingamwili yako haitakiwi kukigusa. Baada ya hapo, au kabla, peleka antijeni kwenye spektrometa ya masi. Jeli huona uzito. Spektrometa huona mfuatano wa asidi amino, na vipande vya fetuini ya ng'ombe haviwezi kujifanya vya nyoka mbele yake.

Kuokoa kilichobaki

Mtafiti mkuu alitaka kutupa kila kitu na kuanza na sungura wapya. Fundi alipinga, nami niko upande wake. Damu ya sungura wale ilikuwa na kingamwili nzuri ndani yake. Kazi ilikuwa kutenganisha. Fetuini ya ng'ombe iliyofuliwa huuzwa, kwa hiyo waliifunga kwenye kolamu moja, seramu nzima ya ndama kwenye nyingine, wakapitisha damu ya sungura kotekote. Kilichonasa kikatupwa. Kilichopita kikapelekwa kwenye kolamu ya tatu yenye FETUA-3 mpya, iliyotengenezwa safari hii na seli zilizozoeshwa kuishi bila seramu, na kilichonasa hapo ndicho kikahifadhiwa. Kiasi kilishuka sana. Kishimo kisicho na ini kikawa cheupe.

Kisha wakaja ndugu wa FETUA-3 ndani ya nyoka mwenyewe. Nyoka ana jeni kadhaa za fetuini zinazofanana, na utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba kazi ya kuzuia sumu inaweza kuhama kutoka ndugu mmoja kwenda mwingine katika safari ya mageuko. Kingamwili isiyotofautisha ndugu hao haifai kujibu swali la nani anafanya kazi. Maabara ilitengeneza kila ndugu peke yake na kumjaribu, na wote wakang'aa. Taharuki ilidumu hadi mtu alipokumbuka kwamba wote walivishwa mkia uleule wa histidini, na sungura naye alikuwa amedungwa mkia huo. Mikia ilipokatwa, ni ndugu mmoja tu aliyeendelea kushikwa, tena kwa udhaifu.

Katika mkutano mmoja mtu alipendekeza kuku badala ya sungura, kwa kuwa kingamwili zao hupatikana kwenye kiini cha yai bila kumtoa ndege damu. Ni wazo zuri kwa protini nyingi za mamalia. Kwa hii nisingekimbilia huko: mnyama hatengenezi kwa urahisi kingamwili dhidi ya kinachofanana na chake, na kuku ni jamaa wa karibu zaidi wa nyoka kuliko sungura alivyo.

Uso uliofunikwa

Tatizo la mwisho lilikuja wakati kingamwili imeshakuwa safi, na ndilo ninalolipenda zaidi kwa sababu halikuwa kosa la mtu.

Walichanganya seramu ya nyoka na sumu yake, wakapima. FETUA-3 ilionekana kushuka hadi karibu na sifuri. Mwanafunzi aliandika kwenye daftari kwamba kizuizi kinatumika na kuisha. Fundi akachukua mchanganyiko uleule, akauchemsha na sabuni ya SDS, akaupitisha kwenye bloti: bendi ilikuwa na unene uleule kabla na baada ya sumu. Protini haikwenda popote. Kilichotoweka ni mahali pa kingamwili kushikia.

Inaeleweka. Katika kizuizi cha habu, uwezo wa kuzuia umehusishwa na kikoa (sehemu ya protini inayojikunja peke yake) cha kwanza kati ya vikoa viwili vya aina ya sistatini. Sumu ikikaa hapo, kingamwili nyingi zinazolenga upande huo hazina pa kukaa. Na BJ46a ina jambo la ziada: ikiwa peke yake hutembea wawili wawili, na ikikutana na metaloproteinezi iitwayo jararhajini huachana, kila mmoja akabeba kimeng'enya chake. Kingamwili inayotambua mshono kati ya wawili hao itapoteza alama yake hata bila kufunikwa. Ongeza na hili: metaloproteinezi iliyo hai kwenye kishimo inaweza kuikatakata kingamwili yenyewe. EDTA huizuia kwa kuinyang'anya zinki, lakini EDTA iliyotiwa mapema mno inaweza kuvuruga hata ule mshikamano unaotaka kuuona. Kwa hiyo mpangilio ni kuacha vishikane kwanza, kusimamisha, ndipo kupima.

Mtafiti mkuu aliona kingamwili imeshindwa. Mimi naona imetoa zaidi ya ilichoombwa. Kingamwili isiyoweza kushika kizuizi kilichobeba sumu ni kipimo cha kizuizi kilicho huru. Kinachohitajika ni mwenzake, anayeshika upande wa mkia ambao sumu haiufikii, ili ahesabu vyote, huru na vilivyoshikwa. Toa kimoja kwenye kingine na unajua ni sehemu gani ya kinga ya nyoka iko kazini. Wenzi hawa wawili hawapatikani kwa bahati ndani ya damu ya sungura. Hapo ndipo haibridoma (seli zinazotoa aina moja tu ya kingamwili), au maktaba za fagi (virusi vya bakteria, kila kimoja kikibeba kingamwili yake), zinapostahili gharama yake, kwa kuwa unaweza kuchuja mmoja mmoja kwa sharti maalumu: huyu ashike palipo na sumu, yule ashindwe palipo na sumu.

Wazo la kazi moja kwa kingamwili moja likakubaliwa hatimaye. Kingamwili ya kuona seli za ini inachujwa kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa formalini, si kwenye sahani. Ya kuvua inachujwa kwenye plazima nzima, na kila kinachovuliwa hupelekwa kwenye spektrometa kabla ya kupewa jina, maana vizuizi vya nyoka havishiki sumu tu. Kile cha kundi la beta, kwa mfano, hushika pia saitokromu c, kama anavyofanya ndugu yake aliye kwenye damu ya binadamu.

Swali la ini bado liko mezani. Vipande vimerudishwa kwenye kiowevu kisicho na seramu yoyote. Humo vinaishi muda mfupi zaidi, hivyo mwanafunzi ana saa chache tu za kuchota sampuli. Mchoro wa sahani mpya umebandikwa juu ya meza yake, na vishimo vitatu vya kona ya chini vimeshajazwa kwa kalamu ya fundi: bila ini, bila ini, bila ini.